Muhula mmoja Würzburg kutoka Mwanza: maswali mnayoniuliza kila siku

Nilikaa Würzburg, kusini mwa Ujerumani, muhula mmoja wa baridi, kuanzia Oktoba mpaka Machi. Tangu nirudi Mwanza nimejibu maswali yale yale kwenye WhatsApp, ndani ya daladala ya Nyegezi, hata msibani. Nimeyaandika hapa, ili mtu akiniuliza nimtumie na mimi nile ugali wangu kwa amani. Penye mambo nimeandika kirefu, pasipo na neno nimepita.

Kwa nini Würzburg? Si ungeenda Berlin?

Kwa sababu Würzburg ni ndugu. Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, na ukisema pale kwamba umetoka Mwanza, wapo wasiokuuliza kama hiyo ni Afrika Kusini. Wiki yangu ya pili nilikaa kwenye tramu na bibi mmoja, nesi mstaafu aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Bugando. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kichocho bado kipo ziwani. La pili, kama Kamanga bado wanavuka kwa kivuko. Madaktari wa Bugando na wa Würzburg wamekuwa wakitembeleana miaka mingi, ndiyo maana wanafunzi wengi wa Mwanza wanaofika kule ni wa afya. Lakini si wao tu.

Jambo jingine ni ukubwa. Würzburg ina watu wapatao 130,000. Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji letu la Mwanza, kwa pamoja zilivuka milioni moja kwenye sensa ya 2022. Ni mji unaoutembea kwa miguu ukaumaliza, na kwa mtu wa muhula mmoja hiyo ni faida kubwa.

Naombaje nafasi?

Huombi peke yako kama unavyotuma barua ya kazi. Mwanafunzi wa kubadilishana anabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani. Vyuo viwili vinakuwa na makubaliano, na nafasi hupitia humo. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni ofisi ya chuo chako inayoshughulikia ushirikiano na vyuo vya nje. Kaulize wana makubaliano na chuo gani, kwa kozi gani, na nani anagharamia. Mara nyingi fedha hutoka Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, au DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi. Ada ya kule hulipi, unaendelea kulipa ya hapa.

Mtu akikuomba laki tatu akutafutie nafasi, huyo anatafuta ya kwake.

Nianze maandalizi lini?

Jana.

Hili ndilo swali linalonifanya niandike yote haya. Mihadhara ya muhula wa baridi huanza katikati ya Oktoba na kwisha mapema Februari. Ukitoa likizo ya Krismasi, unabaki na wiki kumi na nne au kumi na tano hivi. Kila wiki unayoitumia kwenye foleni kwa sababu ya karatasi uliyoisahau Mwanza, umeikata humo humo. Nimeona mtu akifika Novemba kwa sababu ya visa. Alipojua maktaba iko wapi, wenzake walikuwa wanajiandaa na mitihani.

Mfuatano ni huu: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti (shilingi 150,000), barua ya kukubaliwa na chuo cha kule, barua ya ufadhili, bima, ndipo visa. Na kabla ya yote, tandaza vyeti vyako vyote kitandani usome jina lako herufi kwa herufi. Sisi Wasukuma tuna tatizo letu. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwandu, kwa sababu mwalimu aliyetuandikisha alikuwa mtu wa pwani na Ng'w ilimshinda. Kwetu ni jina moja, lakini kwa afisa wa dirishani ni watu wawili. Nilikwenda kwa wakili kuapa kwamba mimi ni mimi, nikapoteza siku tisa.

Visa gani?

Ukikaa zaidi ya siku 90, ile ya Schengen ya matembezi haikufai. Omba visa ya kitaifa ya Ujerumani, ada yake euro 75. Ubalozi uko Dar es Salaam na lazima uende mwenyewe, kwa sababu wanachukua alama za vidole. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo safari hiyo usiifanye mara mbili kwa sababu ya nakala moja. Mimi nilibeba kila karatasi na nakala zake mbili kwenye bahasha ya khaki, nikailalia kwenye basi mpaka Dar.

Pesa inatosha?

Serikali ya Ujerumani inahesabu kwamba mwanafunzi anahitaji euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Asiye na mfadhili huwekewa sharti la kufungua akaunti maalumu yenye fedha hizo, ambayo hutoa kiasi kila mwezi. Mwenye barua ya ufadhili wa kutosha haguswi na hilo. Chumba cha hosteli na bima ya afya ndivyo vinavyokula. Bima peke yake ni zaidi ya euro 100 kwa mwezi na haina mjadala.

Fedha ya ufadhili hailali kwenye akaunti ikikusubiri ushuke kwenye ndege. Mwezi wa kwanza unaishi kwa ulichobeba, na amana ya chumba inataka kulipwa mapema. Kaeni kikao cha familia mapema. Kama unapata mkopo, nenda kwa afisa mikopo wa chuo chako kabla hujaondoka, maana boom, fedha ya mkopo ya kujikimu, husainiwa na wewe hutakuwepo.

Halafu kuna barua ya redio. Utaletewa barua ikidai euro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni, hata kama huna redio wala televisheni. Nilidhani ni matapeli nikaitupa. Si matapeli. Hutozwa kwa kila nyumba, kwa hiyo mkiishi wanne kwenye nyumba moja mnachanga.

Nikifika, cha kwanza ni nini?

Ndani ya wiki mbili tangu uhamie, uwe umejiandikisha makazi kwenye ofisi ya manispaa. Wenyewe wanaita Anmeldung. Unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba au hosteli. Bila hiyo akaunti ya benki inakuwa ngumu, na kibali cha kuishi kinasubiri. Tena bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo. Posta wa kule haulizi majirani, jina lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka. Kadi yangu ya benki ilirudi hivyo, na jina ambalo halikuwepo ni lile lile nililoliapia kwa wakili.

Usifike Jumamosi usiku. Katika jimbo la Bavaria maduka hufungwa saa mbili usiku, na Jumapili karibu yote hayafunguliwi. Nilifika Jumamosi saa tatu usiku nikiwa na pakiti moja ya biskuti ya kwenye ndege. Jumapili nilizunguka mtaa mzima nikitafuta kibanda, genge, mama muuza maandazi, yeyote. Hakuna hata mtu barabarani. Baadaye niliambiwa maduka ya stesheni ya treni huwa wazi. Sasa na wewe umeambiwa.

Kozi nitakazosoma kule zitahesabika nikirudi?

Zitahesabika kama uliandikiana nao kabla ya kuondoka. Kuna karatasi ya makubaliano ya masomo ambayo husainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo cha kule. Inaeleza kozi hii ya kule inasimama badala ya ipi ya hapa. Mzigo kamili wa muhula kule ni krediti 30 za Ulaya.

Mimi niliisaini. Kilichonikuta ni kwamba kule kozi mbili hazikutolewa muhula ule, nikabadilisha, na mkuu wangu wa idara akaniambia kwa simu, "Haina shida, soma tu." Niliporudi alikuwa amehamishwa. Aliyekaa kwenye kiti chake hakuwa na habari, na haikuwepo karatasi. Kozi moja nikairudia na waliokuwa mwaka nyuma yangu, huku nikiwa na alama yake nzuri ya Ujerumani mkononi. Sitaji chuo, kwa sababu bado nakidai cheti. Ila sikia: neno la simu si saini. Ukibadilisha kozi, badilisha na karatasi, ipigwe mhuri, ubaki na nakala.

Na utakapopata matokeo usizimie. Kwetu GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Kule 1.0 ndiyo bora, 4.0 umepita kwa kuchungulia, na 5.0 umefeli. Nilimtumia baba alama yangu ya 1.7. Alinyamaza siku mbili, kisha akamtuma shangazi aniulize kwa upole kama nina matatizo.

Darasani kukoje?

Ratiba ikisema saa nne na pembeni pameandikwa herufi c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo. Ikisema s.t. ni saa nne kamili, na kamili yao ni kamili. Mhadhara ukiisha, hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Mara ya kwanza nilidhani ni mgomo.

Sharti kubwa ni mtihani. Kuhudhuria kozi si kujiandikisha kwa mtihani. Unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, WueStudy, ndani ya siku zilizopangwa, na dirisha likifungwa limefungwa. Hakuna kwenda kumwamkia mhadhiri ofisini. Wahadhiri ni watu wema, wanajibu barua pepe mpaka usiku, lakini mfumo hauna shikamoo.

Vinginevyo masomo si magumu kuliko ya hapa. Kilicho kigeni ni uhuru wake: hakuna anayekufuatilia, hakuna kiongozi wa darasa wa kukukumbusha kwenye kundi la WhatsApp, ndiyo maana mtu anaweza kukaa kimya miezi minne akaja kushtukia sapu, mtihani wa marudio.

Lazima nijue Kijerumani?

Kozi za Kiingereza zipo, hasa kwa shahada ya uzamili, na vijana wengi wanakijua. Lakini barua za ofisi ni Kijerumani, na karani wa manispaa ana haki ya kuzungumza lugha yake. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam. Kwa aliyeko Mwanza, masomo ya intaneti ya miezi mitatu yanakutosha kununua mkate na kuelewa kwamba treni imechelewa.

Salamu ya kule ni Grüß Gott, ya Mungu kabisa, na wazee wanaipenda. Ila ni maneno mawili na imekwisha. Mtu aliyekulia kwenye salamu za Kisukuma, wangaluka, mhola, na habari za ng'ombe, atabaki amefungua mdomo.

Baridi inaua?

Haiui. Kinachochosha ni giza. Hapa jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Kule mwezi Desemba, saa kumi na nusu jioni limeshazama na wewe bado una kipindi. Wiki ya kwanza ya Desemba nilikuwa nalala saa moja usiku kama kuku. Dawa yangu ilikuwa kutoka nje mchana, kila siku, hata kwa nusu saa.

Koti nunua Mlango Mmoja kwenye mitumba. Langu lilikuwa na lebo ya Kijerumani ndani. Lilivuka bahari mara mbili na mara zote mbili lilikuwa zima. Viatu visivyopitisha maji nunua kule. Na beba adapta ya umeme, kwa sababu soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo na chaja yako ya pini tatu haiingii.

Nitakula nini? Ugali upo?

Upo kwa juhudi. Unga mweupe wa mahindi unapatikana kwenye maduka ya Waafrika na ya Waasia, kwa bei inayokufanya ukombe sufuria. Unga wa njano wa supamaketi ni wa Waitaliano, hausimami. Wengi wetu tuliishia kusonga Grieß, unga wa ngano wa chengachenga. Macho yanakubali, tumbo linajua. Mchana tulikula Mensa, kantini ya chuo, chakula cha moto kwa bei ya mwanafunzi.

Kuhusu samaki. Siku moja Novemba nilikuwa mbele ya friza ya supamaketi nikitafuta chochote kisicho soseji. Nikaona pakiti imeandikwa Viktoriabarsch. Nikaigeuza. Nyuma, kwa maandishi madogo, eneo la kuvuliwa: Ziwa Victoria, Tanzania. Alikuwa sangara. Vipande vinne vya mnofu mweupe, vimekatwa sawa sawa kama sabuni, bila mfupa, bila kichwa, bila harufu. Mimi nimekulia Kirumba nikila mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, mama akiyanunua kwa fungu na kuyakaanga mpaka yanalia mdomoni. Nimeishi mita mia chache kutoka ziwani, na mnofu wa sangara nimekuja kuushika mkononi kilomita maelfu kutoka huko, umegandishwa. Niliununua. Nilimpikia jirani yangu wa kutoka Umeå, Sweden, kwa nyanya, kitunguu na limao, akasema ni mtamu sana, akauliza umetoka bahari gani.

Mnauliza pia kama mnaweza kubeba chakula. Dagaa wa kukausha wanaruhusiwa, sheria ya Umoja wa Ulaya inakubali samaki mpaka kilo 20 kwa msafiri kwa matumizi yake. Nyama, maziwa na samli haviruhusiwi, hata kama ni za bibi. Maembe hayaingii bila cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi na nazi zinaingia. Dagaa wafunge mara tatu. Na usiwakaange kwenye jiko la pamoja la hosteli siku ya kazi, nawaomba. Mimi niliwakaanga, na mkutano wa wakazi uliitishwa.

Mji wenyewe una nini cha kuona?

Chuo kikuu chenyewe kilianzishwa kwanza 1402, kikafa, kikaanzishwa upya 1582. Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei katika maabara yake hapo, na mwaka 1901 akapata tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia. Maabara imehifadhiwa na kuingia ni bure. Mwenzangu wa udaktari alisimama humo akasema, "Kumbe foleni yote ile ya Bugando imeanzia hapa."

Kuna Daraja la Kale juu ya mto Main, limejaa sanamu za watakatifu. Jioni watu husimama juu yake na glasi ya mvinyo wa kwao. Asiyekunywa anapata juisi ya zabibu, hakuna anayemwangalia. Mto ni mdogo, kwa mtoto wa ziwa ni kama mfereji. Niliwaambia ziwa letu ni kilomita za mraba 68,800, karibu na ukubwa wa Bavaria nzima, wakadhani nimekosea sifuri.

Lakini mahali pa kwenda ni Residenz, jumba la maaskofu watawala, lililo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Panda ngazi kuu polepole, kichwa juu. Dari lote limechorwa na Mwitaliano Giambattista Tiepolo, 1752 na 1753, mabara manne ya dunia kama yalivyojulikana. Marekani ni mwanamke juu ya mamba, Asia juu ya tembo, Afrika ni mwanamke mweusi juu ya ngamia. Nilimtazama yule mama mpaka shingo ikauma. Mchoraji hakuwahi kufika kwetu. Amemchora kwa kusikia, lakini hakumchora mnyonge: ameketi kama mtu anayesubiriwa. Ulaya ndiyo isiyo juu ya mnyama wa ajabu, imekaa kwenye kiti, wengine wote wanaielekea. Mwongozaji hakulisema hilo. Niliuliza, tukazungumza nusu saa.

Tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza zililipua mji huu kwa muda usiofika nusu saa. Watu wapatao 5,000 walikufa na karibu asilimia 90 ya mji wa kale ikaanguka. Dari la Tiepolo lilinusurika. Kwa hiyo mengi unayoyaona ya kale yamejengwa upya, jiwe kwa jiwe. Kila mwaka usiku wa tarehe hiyo kengele za makanisa yote hulia kwa pamoja. Kama umekwenda muhula wa baridi, usiondoke kabla ya hapo. Nilikuwa darajani. Hakuna aliyesema kitu.

Wanajua kwamba walitutawala?

Wengine. Niliwaonyesha picha ya jiwe letu la Bismarck kwenye simu, na darasa zima likauliza kwa nini linaitwa hivyo. Nilitaja Maji Maji, 1905 mpaka 1907, na wawili tu walikuwa wameisikia. Jifunze historia yako kabla hujaondoka, kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa, na kubabaika kunaumiza.

Ubaguzi upo?

Upo. Kwangu ulikuwa wa kutazamwa, na kiti cha pembeni kubaki wazi kwenye basi lililojaa. Mwenzangu alijibiwa vibaya alipotafuta chumba cha kupanga. Chuo kina watu wa kuwaeleza, waelezeni. Nimekutana na wema mwingi zaidi, lakini sitawadanganya kwamba ule mwingine haupo.

Naruhusiwa kufanya kazi?

Ndiyo, siku 140 kamili au 280 nusu kwa mwaka. Kwa muhula mmoja sikushauri. Hukwenda kuosha vyombo.

Nibebe zawadi gani?

Kahawa ya Kagera na vitenge. Msibebe vinyago vizito, mtalipia mzigo.

Naweza kukupigia nikwambie zaidi?

Karibu, baada ya saa mbili usiku. Ila nitaanza kwa kukuuliza jina lako limeandikwaje kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye cha kidato cha nne. Kayaangalie kwanza.